Kaye Kumi na Moya za Pori ya Masako

Lundi, tarehe 3, mwezi wa kumi na moya

Mvula asubuhi. Tulienda tu. Bosco, mwenzangu wa kazi, mbele, mimi nyuma, mapanga mbili. Tulifungua layon ya tatu. Njia ilikuwa imezibwa na majani kabisa, ungesema hakuna mutu alipita pale tangu dunia ianze. Sisi wenyewe tuliikata mwezi wa sita.

Nyoka moya, kidogo. Alikimbia. Bosco naye alikimbia, upande ingine. Nilicheka kidogo.

Saa sita Chef, mukubwa wetu wa université, alifika na pikipiki. Nyuma yake étudiante moya, Clarisse, mwembamba, anabeba mashini, kompyuta, mu sachet isilowe na mvula. Chef alisema kaye zangu zote, daftari za pori, zinaingia mu mashini. Zote kumi na moya. Ndani yake iko miti yote ya Masako, ile tulipigilia plake ya namba na misumari, miaka ile yote. Alisema kaye zinaoza, muchwa inazikula. Ni kweli. Kaye ya pili iko na tundu, kidole inapita.

Nilikubali. Nilifurahi hata. Lakini kaye ile si ya mimi peke yangu. Mama Zaina, bibi yangu wa ndoa, marehemu, alikuwa anapika ku camp, halafu akaanza kuita miti majina. Yeye njo aliita, mimi niliandika. Yeye hakujua kuandika. Mimi sikujua miti, niko mutoto ya mujini. Yeye alikulia ku Bengamisa, alijua muti hata kwa harufu.

Picha yake niko nayo moya tu. Na ku ile picha amefunga macho. Maneno yake iko mu kaye, hakuna fasi ingine.

Mardi 4

Clarisse alifungua kaye ya kwanza. Akaniuliza mbona mistari yangu haianzie fasi moya.

Nilimuonyesha. Layon inaanzia ku ukingo ya karatasi. Parsele, kipande ya pori, kidole moya ndani. Muti, vidole mbili. Kitu iko juu ya muti, vidole tatu: kamba, nyuki, uyoga, kiota. Kila kitu inalala ndani ya ile inaibeba. Mama Zaina anaita, naweka vidole ku karatasi, naandika. Hakuna mutu alinifundisha. Nilisoma mpaka ya tatu primaire, na Kurani kidogo.

Akasema: « Papa Rama, hii kitu sisi tunaisomea miaka. »

Nilifikiri ananicheka. Hapana. Alikuwa sérieux.

Mashini yake iko hivi. Inaangalia nafasi mbele ya mustari. Pale inajua nani iko ndani ya nani. Inageuza kaye kuwa tableau, kila kitu na chumba yake. Na tableau inaweza kurudi kaye tena. Alisema kipimo ni ile: tunaenda, tunarudi. Karatasi ikitoka sawasawa na kaye yangu, ni bon. Ikitoka tofauti, kuko kitu ilianguka njiani.

Ile nilielewa mbio. Ni kama kuvuka fleuve na pirogue. Unahesabu muzigo huku, unahesabu ng'ambo.

Mercredi 5

Leo aliweka kaye ya kwanza yote. Mashini ikajibu kwamba nyuki ya parsele ya pili inabeba miti kumi na mbili.

Bosco alianguka chini. « Rama, nyuki inabeba miti! Ile asali yake inabebwa na nani? »

Tulitafuta kosa. Ni kidole yangu. Ile wiki nilikuwa nimejikata na panga, kidole ilivimba, nikaandika hivyo hivyo na kidole ya kuvimba. Nafasi ikawa kubwa. Miti ikaingia ndani ya nyuki.

Clarisse naye aliweka vidole vyake ku karatasi. Vidole yake tatu ni yangu mbili. Nilimuambia na vidole ile hawezi kukata hata majani ya mihogo. Alicheka sana.

Tulibadilisha. Hakuna vidole tena. Mimi nasoma kwa sauti, nasema « moya ndani », « mbili ndani », yeye anapiga vistari mbele. Kistari moya parsele, mbili muti, tatu kitu ya juu ya muti. Tuliipitisha tena. Nyuki ilirudi juu ya muti yake. Kaye ilirudi sawasawa, mpaka kosa zangu za kuandika.

Siku muzuri. Sijacheka hivi tangu mazishi.

Ijumaa 7

Sala. Halafu kazi mpaka saa kumi. Kaye saba imeisha.

Clarisse alinionyesha sura ingine ya kaye mu mashini. Si tableau. Ni maneno yenye alama za kukunja, moya inafungua, moya inafunga, kama mikono. Layon inakumbata parsele. Parsele inakumbata muti. Muti inakumbata nyuki. Mimi ile niliipenda kuliko tableau. Tableau ni baridi, inafanana na bureau ya commune.

Ku tableau ya Chef kuko chumba moya tu ya jina: jina ya wazungu, ya Kilatini. Clarisse aliongeza ingine pembeni. Juu yake aliandika: « Jina ya Mama Zaina ». Hakuniomba, hakuniambia. Niliona tu.

Nilitoka inje nikasema naenda kukojoa. Sikukojoa.

Samedi 8

Mvula siku yote. Nilifua. Nilipika sombe, ikaungua. Nikakula.

Lundi 10

Siku mubaya.

Kaye ya kumi na moya iliisha saa tatu. Tulipiga mikono. Saa tano Chef alifika, akafungua tableau, akahesabu. Ku carton ya plake, namba ya mwisho tulipigilia ni mia sita na kumi na mbili. Plake zote ziko ku miti, yeye mwenyewe alisaini. Tableau iko na miti mia tano tisini na tatu.

Inakosekana kumi na tisa.

Chef hakukasirika. Ingekuwa heri akasirike. Alisema polepole, kama unaongea na mugonjwa: « Papa Rama, kaye iko na matundu. Labda mulichoka, labda mulipita miti. Si kosa kubwa. »

Ijumaa anatuma fichier, faili ya mashini, kwa wenzake wa ng'ambo. Kaye haitaingia. Mwezi ujao wataanza upya, vijana na tablette. Kaye itawekwa mu archive.

Archive naijua. Ni carton chini ya ngazi. Panya wanazalia mule.

Mia moya na zaidi ya majina Mama Zaina aliita. Kumi na tisa inakosekana, wanatupa zote. Nilitaka kumuambia Chef kitu. Sikuambia. Niko mutu ya panga.

Sikukula.

Mardi 11

Clarisse hakulala muzuri, iliandikwa ku uso. Alitoa karatasi zote ku mashini, tukaweka pembeni ya kaye, mustari kwa mustari. Yeye kushoto, mimi kuume. Asubuhi yote.

Ni sawasawa. Hakuna neno moya ilianguka.

« Sielewi, papa. Njiani haikupotea kitu. »

Basi ilipotea kabla ya njia. Ilipotea kwangu. Ile fikiri iliniuma. Kumbe nilikuwa nasinzia? Kumbe nilikuwa naandika ovyo, na bibi yangu anaita mu pori kama kichaa, mutu hamusikie?

Bosco alisema labda miti kumi na tisa ilienda kutembea ku Kisangani, itarudi. Sikucheka. Akaona. Akaniletea chai, akakaa pembeni yangu bila kusema kitu. Kwa Bosco ile ni kazi nguvu.

Clarisse aliandika namba zote kumi na tisa ku karatasi. Nikamuambia: kesho tunaenda kuziona. Mashini inaweza kukosea. Mimi naweza kukosea. Musumari iko mu muti.

Mercredi 12

Naandika mbio, ni furaha.

Tulitoka saa kumi na mbili. Clarisse alivaa bottes za Bosco, mguu mbili zingeingia mu moya. Alianguka mara tatu kabla ya kufika layon ya kwanza. Bosco alihesabu kwa sauti.

Namba ya kwanza ya kukosekana: 37. Tuliipata mbio. Muti ya limbali. Plake safi, musumari wangu, naujua, napigaka umepinda kidogo kushoto. Nikazunguka muti. Upande ingine, plake 36.

Shina mbili. Muzizi moya.

Mapasa.

Nilikaa chini mu matope. Kabisa. Clarisse alifikiri naumwa.

Nikamuambia. Mama Zaina alizaliwa mapasa, tumbo moya, yeye na ndugu yake Mama Amina. Kwao hakuna mukubwa, hakuna mudogo. Sahani mbili zinatoka ku jiko pamoja. Ukinunua kitambaa, mbili. Ukimuita moya kabla ya mwenzake, yule wa pili anaugua. Tulipopata muti ya kwanza ya shina mbili, niliandika 36, nikataka kuandika 37 chini yake. Alinipiga mukono, biki ikaruka. « Hakuna mapasa anaandikwa chini ya mwenzake. Na hakuna mapasa anaitwa wa pili. » Nikamuuliza sasa naandika namna gani. Akasema: muti moya, mustari moya, weka « mapasa », kila mutu ataelewa.

Kila mutu. Sisi wawili njo tulikuwa kila mutu.

Plake tulipiga mbili, Chef wa zamani alitaka kila shina na yake. Ku kaye niliandika: « 36 limbali mapasa ». Siku ile, na siku zote. Miaka ikapita, ile ikawa tu namna ya kuandika. Sikuikumbuka tena kama ilikuwa na sababu.

Clarisse alifungua mashini pale pale, chini ya mwavuli ya Bosco. Neno « mapasa » alikuwa ameiweka mu chumba ya remarque, pamoja na « muti imepinda » na « harufu mubaya ». Mashini iliona mustari moya, ikahesabu muti moya. Iko na haki. Hakuna mutu aliiambia.

Ya pili, mapasa. Ya tatu, mapasa. Ya nne nilikimbia. Miaka hamusini na nane, nakimbia mu layon na Bosco nyuma anapiga kelele « Mapasaaa! » mpaka ndege wote wakaruka. Clarisse aliacha botte moya mu matope, akaendelea na soksi.

Kumi na nane. Yote mapasa.

Ya kumi na tisa, 340, iko peke yake. Shina moya. Muti wa kawaida. Tulizunguka mara mbili. Hakuna mwenzake.

Tukafungua kaye. 339, halafu 341. Nikakumbuka. Siku ile tulikosana, mimi na Mama Zaina. Juu ya chumvi. Nilisema mbele ya watu chakula haina chumvi. Alinitangulia mu pori, alikataa kuita. Nilipiga musumari peke yangu kwa hasira, sikuandika, tukapita. Mbele kidogo akaanza kuita tena.

Nilimuambia Clarisse yote. Ile moya ni kosa yangu.

Aliniuliza jina ya ile muti. Mimi sijue. Bosco hajue. Akaandika 340 ku mashini, na ku chumba ya jina akaacha wazi; mimi niliandika ku kaye, 340, namba peke yake.

Jeudi 13

Clarisse alifundisha mashini mapasa.

Haikuwa rahisi. Ku tableau mustari iko chini ya mustari ingine, hakuna namna. 37 lazima ilale chini ya 36. Alihangaika. Alinitazama kama mutu anaomba ruhusa. Nikasema bon, ku tableau wavumilie. Ku kaye warudi sawa.

Lakini ku ile sura ya mikono alipata. Mukono moya inafungua, ndani mapasa wawili, pembeni kwa pembeni, mukono moya inafunga. Kila moya na plake yake. Pale nilitosheka.

Sasa iko hivi: mashini ikiona « mapasa », inatengeneza miti mbili. Ikirudisha kaye, inawaunganisha tena mustari moya, kama Mama Zaina mwenyewe alisema. Tulienda, tulirudi. Karatasi sawasawa. Miti: mia sita na kumi na mbili.

Chef alifika saa nane. Clarisse akanisukuma mbele. Basi niliongea mimi. Nilimueleza yote, nimesimama, panga mu mukono, sikukumbuka hata kuiweka chini. Na ya 340 nilimueleza, na chumvi.

Alihesabu. Akahesabu tena. Alitoa miwani.

« Papa Rama, na mutoto anafuata mapasa, yeye unaandikaka wapi? »

Sikujua anataka nini. Akaanza kucheka. Kumbe yeye alizaliwa nyuma ya mapasa. Alisema maisha yote alikula nyuma yao, alivaa nguo nyuma yao, na kila nguo ilikuwa mbili, haikumutosha hata moya. Bosco akamuambia: « Chef, wewe njo plake ya tatu. Hakuna shina. » Nilifikiri Bosco amefukuzwa kazi. Chef alicheka mpaka akashika ukuta.

Halafu akasema kaye inaingia. Zote kumi na moya. Na chumba ya Mama Zaina inabakia pale, haitoki. Ya 340 alitaka kumuita mutu wa botanique, aje aipe jina. Nilimuambia ile ya Kilatini aipe. Ile ya upande wa Mama Zaina aache wazi. Hakuiita, basi hakuiita.

Alisema sawa.

Ijumaa 14

Fichier ilienda. Réseau ilikatika mara nne, Clarisse alipanda juu ya pipa ya mafuta na téléphone juu ya kichwa, kama sanamu. Ya tano ikapita.

Tulikunywa ku camp. Mimi Fanta. Bosco alikunywa bière mbili, alisema ni juu ya mapasa, moya haiwezi kwenda peke yake. Alicheza. Clarisse alicheza. Nami nilicheza, mguu zinauma bado ya mbio ya mercredi.

Chef alisema vijana wa tablette watakuya hata hivyo mwezi ujao, kwa pori ya ng'ambo ya mutoni. Lakini kwanza wiki moya wanakaa na mimi, nawafundisha kuandika ndani na ndani zaidi. Mimi. Wale wako na diplôme.

Clarisse alinipa kitabu. Ni kaye zote, mashini imezirudisha, imechapwa, imefungwa na kamba ya plastique. Nzito kama tofali. Nilimuambia aksanti. Neno ile ilikuwa kidogo lakini sikuwa na ingine. Alinikumbata, akapanda toleka, baiskeli ya kubeba watu, akaenda. Mu njia nilimuona bado anageuka na kupunga mukono.

Dimanche 16

Mama Amina alikuya kunisalimia. Alileta lituma ya ndizi na samaki mbili. Alijua niko peke yangu, alileta mbili hivyo hivyo.

Baada ya chakula nilichukua kitabu. Yeye pia hajue kusoma. Nikamusomea. Layon ya kwanza, parsele ya kwanza, muti kwa muti. Alisikiliza na macho chini, kama mu musikiti. Majina ingine aliyarudia polepole, ya kwao ya zamani, watoto wa leo hawayajue. Mara moya alisema, « Eeh, ile baba alikuwa anapikia mafuta ya mbu. »

Ku kaye ya tatu, vidole tatu ndani, nilikuta mustari moya nilikuwa nimeusahau kabisa. « Uyoga mweupe, mutamu na viwavi ya mbinzo, usimuambie Chef. »

Mama Amina alicheka. Ni cheko ile ile ya Mama Zaina. Nilingoja iishe yenyewe.

Halafu akasema endelea.

Nilisoma mpaka kaye ya nne. Alisinzia ku kiti. Inje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira. Sikumuamsha, na sikuacha. Niliendelea kusoma, sauti ya chini.